Lete Mtu Huyu Mbele ya Mwamuzi

Mazungumzo ya amani kwa njia ya radio, yaliyoandikwa kwa ajili ya jamaa zilizokimbia makwao na kwa viongozi wa mitaa na vijiji

 

Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu hamkulisoma kitabuni, mmeliona kwa macho. Vita inafika. Mtu anakamatwa. Anafungiwa, wala haambiwi kosa lake. Siku zinapita, mwezi unapita. Mama anapeleka chakula kwenye mlango wa kasho na kuuliza: «Mtoto wangu amefanya nini?» Anajibiwa: «Ni maneno ya usalama.» Jibu hilo linafunga kinywa cha kila mtu. Mama anarudi na bakuli yake.

Je, wakati wa vita sheria inaweza kufanya kitu? Ao sheria ni ya wakati wa amani tu, kisha bunduki zikilia inawekwa kando? Ili tujibu vizuri, tutakwenda mbali kidogo. Tutakwenda Marekani, kati ya mwaka 1941 na 1946. Tumechagua mbali kwa sababu moto wa nyumba ya jirani unauona vizuri, tangu cheche ya kwanza. Moto wa nyumba yako mwenyewe, moshi unakuziba macho.

Sikiliza basi.

Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilipiga bandari ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Wamarekani zaidi ya 2,300 walikufa siku moja. Marekani ikaingia katika vita kuu ya pili ya dunia.

Sasa, upande wa magharibi wa Marekani, katika majimbo ya California, Oregon na Washington, walikuwako watu wenye asili ya Japani. Wazee wao walivuka bahari miaka mingi mbele ya vita, wakalima mboga na matunda, wakavua samaki, wakafungua maduka madogo. Sheria ya wakati ule haikuwaruhusu wazee hao kuwa raia, hata wakikaa Marekani miaka 40. Lakini watoto wao waliozaliwa pale walikuwa raia kamili. Walisoma katika masomo ya pale, walisema Kiingereza, na wengi hawakuiona Japani hata siku moja.

Baada ya Pearl Harbor, watu walianza kunong'onezana. Huyu ana sura ya adui. Yule ana radio nyumbani, labda anaongea na manowari. Yule mwingine shamba lake liko karibu na reli, labda analingojea jeshi la Japani. Magazeti yakachukua manong'ono hayo na kuyapiga chapa. Na hapa, ndugu, fungua sikio: walikuwako wakulima wazungu wa California waliotamani mashamba na soko la jirani zao, na baadhi ya vyama vyao vilisema hivyo waziwazi. Hofu ilikuwa ya kweli, lakini tamaa ilipanda mgongoni mwa hofu.

Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066. Amri hiyo haikutaja Wajapani hata kwa neno moja. Ilisema tu kwamba makamanda wa jeshi wanaweza kutenga sehemu fulani za inchi na kumwondoa humo mtu yeyote. Lakini kila mtu alijua ni nani atakayeondolewa. Jenerali John DeWitt, kamanda wa upande wa magharibi, akaanza kwa kuwakataza watu hao kutoka nje usiku. Kisha akaamuru waondoke wote.

Matangazo yalibandikwa kwenye nguzo na kuta. Jamaa zilipewa siku chache. Kila mtu achukue kile anachoweza kubeba kwa mikono yake. Mashine za kushonea, vitanda, magari, duka zima na bidhaa zake, vyote viliuzwa kwa bei ya kutupa. Wewe uliyekimbia nyumba yako unajua bei hiyo ni namna gani. Mnunuzi anajua kwamba kesho huko tena, basi anangoja.

Kwanza waliwekwa katika viwanja, vingine vikiwa viwanja vya mashindano ya farasi, kama Tanforan na Santa Anita. Jamaa nyingi zililala katika vibanda ambamo farasi walikuwa wametolewa juzi tu. Baadaye walipelekwa katika kambi 10 za mbali, katika majangwa na mabwawa: Manzanar, Tule Lake, Topaz, Minidoka, Heart Mountain, Poston na nyingine. Nyumba zilikuwa za mbao na karatasi ya lami. Kulikuwa na waya wa miiba, minara, na askari wenye bunduki. Watu waliofungiwa walikuwa karibu 120,000. Kati ya watu watatu, wawili walikuwa raia wa Marekani. Walikuwamo wazee, walikuwamo watoto wachanga.

Hakuna hata mmoja wa hao aliyeitwa mbele ya mwamuzi na kuulizwa: wewe, jina lako fulani, ulifanya nini, siku gani, mahali gani? Wadachi na Waitalia wa Marekani, ambao inchi zao za asili zilikuwa pia vitani na Marekani, hawakuondolewa wote kwa pamoja namna hiyo. Waliokamatwa kati yao walichunguzwa mmoja mmoja. Na kule Hawaii kwenyewe, mahali bomu zilipoanguka, watu wenye asili ya Japani walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakaaji wote. Huko hawakufungiwa wote. Wangefungiwa, kazi za kisiwa zingesimama. Basi jiulize: kama hatari ilikuwa kubwa hivyo, kwa nini pale ilipokuwa karibu zaidi na vita watu waliachwa, na pale ilipokuwa mbali watu walifungwa?

(Muziki kidogo)

Ndugu msikilizaji, watu wengi sana walitii. Usiwahukumu. Mtu mwenye watoto akiona bunduki anafikiri kwanza juu ya watoto. Lakini wako wachache waliokwenda kwa sheria. Tutawataja wanne, kwa sababu majina yao sasa yamo katika vitabu vya sheria vya dunia nzima.

Wa kwanza ni Minoru Yasui. Alikuwa avoka kijana wa Portland, Oregon. Usiku wa tarehe 28 Machi 1942 alitoka nje baada ya saa iliyokatazwa, akatembea barabarani, akaenda mwenyewe kwa polisi ili akamatwe. Alitaka tribinali iseme kama ni haki kumkataza raia kutembea kwa sababu ya ukoo wake. Alikaa miezi tisa peke yake katika chumba cha gereza.

Wa pili ni Gordon Hirabayashi, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Seattle. Alikuwa mtu wa dini ya Wakweka, watu wanaokataa vita. Hakutoroka wala hakujificha. Alijipeleka mwenyewe na kueleza kwa nini dhamiri yake haimruhusu kutii amri ile. Tarehe 21 Juni 1943, waamuzi wote wa Tribinali Kuu ya Marekani, pasipo hata mmoja kukataa, walisema kwamba wakati wa vita jeshi linaweza kuwakataza watu hao kutoka usiku. Siku ileile Yasui naye alishindwa. Hirabayashi alipaswa kufanya kifungo chake katika kambi ya wafungwa huko Arizona. Serikali haikutaka kumlipia safari. Basi alikwenda mwenyewe, akiomba nafasi katika magari ya wapita njia. Alipofika, wakubwa hawakuona karatasi zake, wakamwambia arudi nyumbani. Akakataa. Akawaambia watafute karatasi vizuri. Walizitafuta, wakaziona, naye akaingia gerezani. Hakutaka mtu aseme baadaye kwamba aliikimbia sheria ile aliyoitegemea.

Wa tatu ni Fred Korematsu, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Oakland. Yeye hakuwa avoka wala mwanafunzi wa chuo. Alikuwa kijana anayependa mchumba wake na kazi yake. Alikataa kwenda, akabadili jina, akajificha. Tarehe 30 Mei 1942 alikamatwa barabarani. Avoka mmoja alimtembelea gerezani na kumwuliza kama angekubali kesi yake iwe jaribio la sheria. Akakubali. Kambini, wengi wa watu wake mwenyewe walimwepuka. Waliogopa atawaletea taabu zaidi. Neno hili nanyi mnalijua: mtu anayesimama mara nyingi anaachwa peke yake hata na jamaa.

Wa nne ni mwanamke, Mitsuye Endo. Huyu tunataka umkumbuke sana. Alikuwa mwandishi wa mashine katika ofisi ya serikali ya jimbo huko Sacramento. Alifukuzwa kazi kwa sababu ya asili yake, kisha akafungiwa pamoja na wazazi wake. Alikuwa Mkristo wa kanisa la Methodisti. Ndugu yake alikuwa askari katika jeshi la Marekani. Ndiyo, umesikia vema: kaka yuko jeshini analinda inchi, dada yuko ndani ya waya wa miiba kama adui wa inchi.

Avoka James Purcell alichukua kesi yake. Tarehe 13 Julai 1942 alipeleka mbele ya tribinali ombi ambalo watu wa sheria wanaliita kwa Kilatini habeas corpus. Maneno hayo ni ya zamani sana, na maana yake ni nyepesi: mlete mtu huyu hapa, mzima, mbele ya mwamuzi, na wewe unayemshika, eleza kwa sheria gani unamshika. Tazama nguvu ya ombi hilo. Halimwulizi mfungwa athibitishe kwamba hana kosa. Linamwuliza mwenye ufunguo aonyeshe haki yake ya kufunga mlango.

Mwamuzi wa kwanza alikaa na ombi hilo karibu mwaka mzima, kisha akalikataa. Purcell akakata rufaa. Hapo serikali ikamletea Endo zawadi yenye sumu. Ilimwambia: tunakubali kwamba wewe ni mtu mwaminifu, toka kambini, nenda zako, ila usirudi kwenu upande wa magharibi. Wengi wangekubali, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini Endo alijua kwamba akitoka, kesi itakufa, kwa sababu mwamuzi hawezi kumfungua mtu aliyekwisha kutoka. Akabaki. Alibaki ndani ya kambi ya Topaz, katika jangwa la Utah, kwa hiari yake, ili maelfu ya wengine wapate jibu. Baadaye alieleza kwamba alikubali kazi hiyo kwa kuwa aliambiwa ni kwa faida ya wote.

(Muziki kidogo)

Sasa tufike siku ya hukumu. Tarehe 18 Desemba 1944, Tribinali Kuu ilitoa hukumu mbili kwa siku moja.

Katika kesi ya Korematsu, waamuzi sita walisema jeshi lilikuwa na haki ya kuwaondoa watu makwao kwa sababu ya hatari ya vita. Waamuzi watatu walikataa. Mmoja wao, Frank Murphy, alisema wazi kwamba huo ni ubaguzi wa kabila uliovikwa nguo ya sheria. Mwingine, Robert Jackson, alionya kwamba hukumu kama hiyo inabaki kama silaha iliyojazwa risasi, ikingoja mkono wa mtawala yeyote atakayedai kwamba kuna haja.

Katika kesi ya Endo, waamuzi wote walikubaliana: serikali haina ruhusa ya kumshika kambini raia ambaye yenyewe inakiri kwamba ni mwaminifu. Afunguliwe.

Labda unauliza: namna gani tribinali moja, siku moja, inasema hivi na vile? Waamuzi waliogopa kuligusa jeshi wakati wa vita. Kwa hiyo katika kesi moja walitazama kuondolewa tu, wakafumba macho mbele ya kambi. Katika nyingine walitazama kambi, lakini wakasema kosa ni la wasimamizi waliopita mpaka wa ruhusa yao. Swali kubwa, kama katiba inaruhusu kumfungia raia bila mashitaka, hawakulijibu. Tusiwapambe kuliko walivyokuwa.

Hata hivyo, hukumu ya Endo ilivunja mlango. Serikali ilikuwa imepata kujua itashindwa. Siku moja mbele yake, tarehe 17 Desemba, jeshi lilitangaza kwamba kuanzia Januari 1945 watu wanaweza kurudi makwao. Kambi zikaanza kufungwa. Ya mwisho, Tule Lake, ilifungwa Machi 1946. Ombi la Endo lilichukua miaka miwili na miezi mitano.

Kurudi nako kulikuwa vita nyingine. Wengine walikuta nyumba zimevunjwa, mashamba yana wenyewe wapya, vyombo vimeibwa. Wengine walipigiwa risasi usiku ili waogope na kuondoka tena. Mwaka 1948 sheria ilitoka ya kulipa mali iliyopotea, lakini ilitaka ushahidi wa karatasi. Nani alibeba risiti za kitanda na jembe alipokuwa anabeba mtoto? Kilicholipwa kilikuwa kidogo sana.

Lakini sikia pia hili. Karibu na Sacramento alikuwako mzungu mmoja, Bob Fletcher, mkaguzi wa kilimo. Jirani zake wa asili ya Japani walipoondolewa, aliacha kazi yake akalima mashamba ya zabibu ya jamaa tatu. Alilipa kodi na madeni yao. Walikuwa wamemwambia achukue faida yote; yeye alichukua nusu tu, nusu akawawekea. Watu walimtukana, na mtu mmoja alipiga risasi kwenye ghala. Hakuacha. Jamaa hizo ziliporudi zilikuta udongo wao unawangoja, na feza yao ndani ya banki. Mzee wa mtaa, unaweza kufanya kama huyo bila kuwa na avoka wala tribinali.

Basi ukweli ulijulikana lini? Ulichelewa, lakini haukuoza. Mwanamke mmoja, Aiko Herzig-Yoshinaga, ambaye alikuwa msichana aliyefungiwa Manzanar, alikuwa anachimbua makaratasi ya serikali mwaka baada ya mwaka. Akaona nakala ya ripoti ya kwanza kabisa ya Jenerali DeWitt. Serikali ilikuwa imeagiza nakala hizo zichomwe, moja ilibaki. Tribinali Kuu iliambiwa kwamba wakati haukutosha kuwachunguza watu mmoja mmoja. Lakini katika ripoti ile ya kwanza jenerali alikuwa hasemi juu ya wakati. Alisema kwamba watu wa kabila hili hawawezi kutenganishwa wema na wabaya, hata wakati ungekuwako. Mwanahistoria wa sheria Peter Irons naye aliona makaratasi yanayoonyesha kwamba wapelelezi wa serikali yenyewe walikuwa wamepinga hadithi za taa na radio za kuita manowari. Waamuzi walifichwa mambo hayo.

Kwa makaratasi hayo, kesi zilifunguliwa tena. Tarehe 10 Novemba 1983, huko San Francisco, mwamuzi Marilyn Hall Patel alifuta hukumu ya Korematsu, aliyekuwa sasa mzee wa miaka 64. Kwa miaka mingi hakumsimulia hata binti yake. Binti alisikia habari hiyo shuleni. Hukumu za Hirabayashi zilifutwa mwaka 1987. Yasui alikufa mwaka 1986, rufaa yake ikiwa bado njiani.

Tume ya serikali ilisikiliza mashahidi zaidi ya 750. Ilisema sababu za kosa zilikuwa tatu: chuki ya kabila, wazimu wa vita, na viongozi waliokosa kuongoza. Tarehe 10 Agosti 1988, Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuomba radhi, na kila aliyekuwa bado hai alipewa dola 20,000. Watu zaidi ya 82,000 walizipokea. Na mwaka 2018 mkuu wa waamuzi wa Tribinali Kuu aliandika kwamba hukumu ya Korematsu ilikuwa mbaya tangu siku ilipotolewa.

(Muziki kidogo)

Usiseme, ndugu, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Tazama Kenya, jirani zetu. Mwaka 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari, na maelfu na maelfu ya watu walifungiwa kambini bila hukumu, wengi waliteswa. Mwaka 2009 wazee wachache walipeleka mashitaka London. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba miaka mingi imepita. Lakini mafaili yaliyofichwa yalitokea, na mwaka 2012 mwamuzi alisema kesi inaweza kusikilizwa. Juni 2013 Uingereza ilitangaza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hapa pia, kilichosema kilikuwa karatasi, pamoja na mzee aliyekataa kusahau.

Na kwetu Kongo? Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa ao kufungwa kwa tendo la mwingine. Kwa hiyo hakuna kosa la kabila. Hakuna kosa la kijiji. Hakuna kosa la kuwa dada ya mtu aliyeingia porini. Kipengele cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Aonane na jamaa yake ao avoka. Na baada ya saa 48 aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Na kipengele cha 61 kinasema kwamba hata katika hali ya hatari haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haiondolewi.

Najua mawazo yako. Unasema: «Hayo yameandikwa, lakini kasho la kwetu halisomi.» Ni kweli. Kule Marekani pia katiba ilikuwa imeandikwa, na watu 120,000 walifungwa. Sheria haitembei peke yake. Inahitaji miguu ya watu. Ndiyo maana tunamaliza na mashauri machache.

Kwanza, kwa jamaa. Mtu wenu akikamatwa, andikeni siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, nani alimchukua, nguo gani walivaa, walisema nini, nani aliona. Kama hamjui kuandika, mwombeni mwalimu ao katekista. Fanyeni nakala mbili, ziwekwe nyumba mbili. Nendeni watu wawili ao watatu, kwa utulivu, mkaulize kosa lake na jina la afisa anayeshika faili. Saa 48 zikipita, pelekeni habari kwa parke, kwa avoka, kwa watu wa haki za binadamu, kwa tume ya haki ya kanisa. Msilipe feza ya kuficha. Na aliyetoka, asikilizwe. Maneno yake yaandikwe angali anakumbuka.

Pili, kwa machifu na wazee. Ukiombwa orodha ya «watu wabaya», uliza: kosa gani, la nani, siku gani? Orodha ya majina ya kabila si ushahidi, ni kuni. Usimfungie mtu nyumbani kwako. Usitumie vita kumaliza ugomvi wa shamba. Na shamba la aliyekimbia, liandike mipaka yake mbele ya mashahidi, umweke mlinzi, umtunzie hata kama ni nusu ya mavuno.

Tatu, kwa sisi wote. Kama kuna mpelelezi wa kweli, ashitakiwe, asikilizwe, ahukumiwe. Haki haitetei adui. Haki inatenganisha mwenye kosa na asiye na kosa, kwa sababu wasio na kosa wakifungwa pamoja na wenye kosa, wakitoka watakuwa na uchungu mmoja. Hapo ndipo vita ya kesho inapozaliwa.

Mitsuye Endo hakuwa mtu wa kelele. Baada ya kutoka kambini alikwenda Chicago, akafanya kazi, akaolewa, akalea watoto, akafa mwaka 2006. Lakini alikaa mahali alipoweza kutoka, mpaka mwamuzi alipojibu swali moja: unamshika mtu huyu kwa sheria gani?

Swali hilo halina bunduki, lakini kila mmoja wetu anaweza kuliuliza. Mama mwenye bakuli mlangoni pa kasho anaweza kuliuliza. Mzee wa mtaa anaweza kuliuliza pamoja naye, ili asiwe peke yake.

Ndugu msikilizaji, ndugu msomaji, mpe jirani karatasi hii ukimaliza kuisoma, ao umsomee asiyejua kusoma.  Amani ikae nyumbani mwako, popote nyumba hiyo ilipo leo.